Maaskofu Saba wa Mwaka 1688: Je, Walivunja Warumi 13?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa Umoja wa Akina Mama hapa mtaani kwetu. Katika mafundisho tuliambiwa kwamba mwaka 1688 maaskofu saba wa Uingereza walitiwa ndani na kushtakiwa kwa kukataa amri ya mfalme. Nilipouliza amri yenyewe ilihusu nini, nikaambiwa iliwapa watu uhuru wa kuabudu! Sasa sielewi. Walitenda dhambi kwa mujibu wa Warumi 13, inayotuagiza kuitii mamlaka? Na watumishi wa Mungu wanakataaje uhuru wa wenzao? Tena nasikia baadaye wengi wao walimkataa hata mfalme aliyefuata. Hawakuwa wabishi tu?

JIBU: Amina, mama. Nianze na swali lako la katikati, maana ndilo zito zaidi na ndilo ambalo sisi Waanglikana hupenda kuliruka.

Mfalme James II alikuwa Mkatoliki akitawala nchi ambayo kanisa lake la serikali lilikuwa la Anglikana. Sheria za wakati ule ziliwabana vikali Wakatoliki na pia Waprotestanti waliojitenga na Kanisa: Wabaptisti, Wapresbiteri, na wale Marafiki au Wakweka, ambao leo wana makanisa mengi Magharibi mwa Kenya. John Bunyan alikaa gerezani takriban miaka 12 kwa kosa la kuhubiri bila kibali. Waliomfunga walikuwa watu wa kanisa letu, wakitumia sheria ambazo maaskofu wetu waliziunga mkono. Hilo lazima tulikiri bila kuuma maneno. Kwa hiyo mwaka 1687 James alipotangaza kwamba sheria hizo zimesimamishwa, wafungwa wengi walimshukuru Mungu, na walikuwa na haki ya kushukuru.

Tatizo lilikuwa njia aliyoipita. Sheria zile zilitungwa na Bunge, na mfalme alizisimamisha peke yake, kwa neno lake. Akiweza kusimamisha sheria hii leo kwa sababu ni mbaya, kesho atasimamisha inayomlinda mjane na shamba lake. Bunge lilikuwa limekwisha kulikataa jambo hilo zaidi ya mara moja. Halafu, Mei 1688, akaongeza amri ya pili: tangazo lisomwe makanisani wakati wa ibada Jumapili mbili mfululizo, na maaskofu ndio walisambaze kwa makasisi wao.

Hapo ndipo walipogota. Mfalme alikuwa na wapiga mbiu na wachapaji wa kutosha kulifikisha tangazo lake kila kijiji. Alichotaka ni kinywa cha kasisi, mbele ya waumini, ili jambo ambalo kasisi aliamini si halali lionekane limebarikiwa na Kanisa.

Usiku wa tarehe 18 Mei, maaskofu sita walivuka mto Thames kwa mashua kutoka Lambeth hadi ikulu ya Whitehall. Wa saba, Askofu Mkuu William Sancroft wa Canterbury, hakuruhusiwa kufika mbele ya mfalme, lakini ombi walilolibeba aliliandika kwa mkono wake mwenyewe. Wenzake walikuwa Lloyd wa St Asaph, Turner wa Ely, Lake wa Chichester, Ken wa Bath na Wells, White wa Peterborough na Trelawny wa Bristol. Walipiga magoti. Ndani ya ombi walisema wazi kwamba kukataa kwao hakutokani na kukosa huruma kwa waliojitenga na Kanisa, bali mamlaka ya kusimamisha sheria kwa namna ile si halali. Mfalme alisoma, akakasirika, akasema hii ni bendera ya uasi.

Mama, watazame waliokuwa wamepiga magoti pale. Sancroft ndiye aliyemvika James taji mwaka 1685. Kanisa lao lilikuwa limefundisha kwa miaka mingi kwamba kumpinga mfalme kwa nguvu ni dhambi, na wao waliliamini fundisho hilo kwa moyo wote. Thomas Ken, huyu ninampenda zaidi, aliwahi kukataa nyumba yake ya Winchester isitumiwe kumlaza Nell Gwyn, hawara wa Mfalme Charles II, na Charles badala ya kumchukia akampa uaskofu. Baada ya uasi wa Monmouth, aliyejaribu kumpindua James kwa silaha mwaka 1685, Ken huyohuyo aliwahudumia wafungwa walioshindwa vitani na kuwaombea huruma kwa James. Wakuu kama hawa huwezi kuwaita wachochezi.

Jumapili ilipofika, ni makanisa machache mno ya London yaliyosoma tangazo. Katika kanisa la Westminster Abbey lilisomwa, na waumini wakainuka wakatoka.

Tarehe 8 Juni maaskofu waliitwa mbele ya Baraza la Mfalme, wakashtakiwa kwa kuandika na kutoa hati ya uchochezi, wakapelekwa kwa mashua hadi Mnara wa London, ngome iliyotumika kama gereza. Watu walipiga magoti kwenye kingo za mto wakiomba baraka, na askari wa gereza nao wakaomba. Jioni ile walikwenda ibadani, na somo la siku lilitoka 2 Wakorintho 6, pale Paulo anapotaja saburi nyingi, mapigo na vifungo vya watumishi wa Mungu. Hakuna aliyelichagua, lilikuwa zamu yake katika Kitabu cha Sala.

Kesi ilisikilizwa tarehe 29 Juni katika ukumbi wa Westminster, mbele ya majaji wanne. Upande wa mashtaka ulihangaika hata kuthibitisha kwamba ombi lilikabidhiwa kwa mfalme, kwa sababu lilitolewa faraghani usiku. Mwishowe majaji wenyewe waligawanyika. Jaji Powell alisema waziwazi kwamba mamlaka hayo ya mfalme yakikubaliwa, hapatakuwa na haja ya Bunge tena. Yeye na mwenzake Holloway walifukuzwa kazi baadaye. Baraza la wazee wa mahakama, watu 12, lilifungiwa usiku kucha. Aliyekaidi hadi asubuhi alikuwa Michael Arnold, mtengeneza bia wa ikulu, na inasimuliwa alilalamika kwamba akisema hawana hatia atapoteza biashara ya mfalme, na akisema wana hatia atapoteza ya watu wengine wote. Tarehe 30 Juni wakatamka: hawana hatia. Hata kambi ya jeshi ya Hounslow, ambako mfalme alikuwapo, ilishangilia.

Sasa Warumi 13. “Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu.” Andiko hili halisemi kila mtu awe mdomo wa mamlaka. Petro aliyesema “Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu” (Matendo 5:29) ndiye pia aliyeandika “Mcheni Mungu. Mpeni heshima mfalme” (1 Petro 2:17). Maaskofu hawa walifanya yote mawili. Hawakukusanya silaha, hawakutoroka, na walipoamriwa kwenda gerezani walikwenda. Hilo nalo ni utii. Jibu langu basi ni hapana, hawakuvunja Warumi 13. Mwaka 1689 sheria ya Haki za Raia ilitamka kwamba mfalme kusimamisha sheria bila Bunge ni haramu, na kwamba kumshtaki mtu kwa kumpelekea mfalme ombi ni haramu pia. Mwaka uleule Waprotestanti waliojitenga walipata uhuru wao kupitia Bunge. Wakatoliki hawakuupata, nao walisubiri hadi 1829 kuingia bungeni. Hilo ni doa, na ushindi wa maaskofu hauliondoi.

Kuhusu ubishi. James alikimbia nchi Desemba 1688, binti yake Mary na mumewe William wakachukua kiti, na viongozi wa Kanisa wakatakiwa kuwaapia. Kati ya wale saba, Lloyd na Trelawny waliapa. Sancroft, Turner, Lake, Ken na White walikataa, kwa kuwa walikuwa wamemwapia James, na James alikuwa hai. Ndiyo, James yuleyule aliyewafunga! Lake alifariki 1689. Wengine wanne walivuliwa uaskofu mwaka 1690, pamoja na makasisi wapatao 400. Turner baadaye alihusishwa na njama ya kumrudisha James, na hapo mimi simtetei. Lakini wangekuwa wabishi wa kutafuta makuu, mwaka 1689 ndio ulikuwa wa kuvuna, maana nchi nzima iliwaona mashujaa. Wao walisimama kwenye Zaburi 15:4, juu ya mtu ambaye “ingawa ameapa kwa hasara yake, hayabadili maneno yake.”

Ken aliishi nyumbani kwa rafiki yake huko Longleat hadi alipofariki mwaka 1711. Ule ubeti mfupi wa kumsifu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, ambao makanisa mengi huimba sadaka ikipelekwa mbele, ni wake. Alikuwa amewaandikia wanafunzi wa Winchester wauimbe asubuhi na usiku.