Jibu: Samaki wa anemoni mwenye mstari mgongoni, afugike?

Ndugu, umeuliza kuhusu yule samaki mdogo wa rangi ya chungwa uliyemwona Mafia, mwenye mstari mmoja mweupe mgongoni kuanzia usoni hadi mkiani: kwa nini habanduki kwenye anemoni (mnyama laini wa baharini anayeshikamana na mwamba, mwenye mikono mingi inayochoma), na kama atakaa kwenye tangi.

Huyo kisayansi huitwa Amphiprion akallopisos. Ute wa ngozi yake humkinga na sumu ya anemoni. Samaki wengine wakigusa ile mikono ya anemoni huchomwa. Akiwa nje ya hapo huliwa upesi.

Kwenye anemoni mmoja, mkubwa kuliko wote ni jike, anayemfuatia ni dume, wadogo waliobaki hawazai. Ukimtoa jike, dume hugeuka jike na mdogo mmoja hushika nafasi ya dume. Hilo huchukua wiki kadhaa, na muda wote huo hakuna mayai. Nakusihi usimtoe. Tazama mwamba mtupu chini ya ukingo wa anemoni: ukiona vidoa vya chungwa vimeshikana na dume anavipepea kwa mapezi, ndiyo mayai yenyewe. Huanguliwa usiku, baada ya kama wiki moja.

Kwa tangi, nunua waliozalishwa tangini. Lita 100 au zaidi, joto nyuzi 25 hadi 27, chumvi gramu 35 kwa lita. Wengi huua samaki kwa kuwatia siku ileile ya kujaza maji. Bakteria wa kumaliza amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, huhitaji wiki 4 hadi 6 kukua tangini. Anemoni muache kwanza: taa ikiwa hafifu hupoteza mwani wa mwilini mwake unaomlisha, husinyaa, na akioza huchafua maji yote. Samaki ataishi vizuri bila yeye.