Upimaji wa bure wa wanaume kijijini: hamisheni hema

Mkuu, umeuliza kwa nini siku ya kupima presha na sukari bure pale zahanati walijaa kina mama, wanaume wakahesabika. Zahanati kwao ni mahali pa kliniki ya watoto. Pelekeni hema mnadani, tena asubuhi kabla biashara haijachanganya. Kibali kipitie kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, na mganga mfawidhi wa zahanati akae nanyi mezani, maana mtakaowaibua ni wagonjwa wake.

Kipimo cha presha ndicho huharibiwa zaidi. Mtu kaswaga ng'ombe juani, anafika tu anafungwa mkanda juu ya shati. Namba hiyo ya nini? Wekeni viti vyenye egemeo kivulini. Akae dakika 5 bila kuongea, miguu chini bila kuikunja nne, mkono wazi juu ya meza usawa wa moyo. Aliyetoka kuvuta sigara au kunywa kahawa asubiri nusu saa. Aliyebanwa na mkojo akajisaidie kwanza. Pimeni mara 2, mkiacha dakika 1 katikati. Beba mikanda ya saizi tofauti: mdogo kwenye mkono mnene wa mbeba magunia hupandisha namba kwa uongo. Ikiwa 140/90 au zaidi, akarudie siku nyingine zahanati, msimtangazie ugonjwa palepale. Ikifika 180/120 na kifua kinauma au macho yana ukungu, hapo ni gari, siku hiyohiyo.

Kwenye sukari, ndoo ya maji na sabuni kwanza. Msimu wa maembe, kidole chenye utamu humpa mtu kisukari asichokuwa nacho. Mikono ikauke kabla ya kutoboa. Kopo la stripu, vile vijiti vya kupimia sukari, lifungwe kila mnapotoa moja, na lisiachwe ndani ya gari juani; joto huziua. Aliyekwisha kula akifika 11.1 mmol/L, mpeni rufaa. Mashine ikisoma mg/dL, gawanya kwa 18 kupata mmol/L.

Tezi dume mnadani iishie kwenye maswali, nyuma ya turubai: usiku anaamka mara ngapi kukojoa, mkojo unakatikakatika, kuna damu? PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, hupanda hata kwa maambukizi ya njia ya mkojo, kwa hiyo majibu yake bila daktari wa kuyaeleza ni kumtia mtu hofu ya bure.

Rufaa iandikwe namba alizopimwa na tarehe ya kwenda, nanyi mbaki na simu yake. Na kabla ya kutangaza siku, ulizeni zahanati kama amlodipini ya presha na metfomini ya sukari zipo stoo. Hazipo? Ahirisheni.