Sherehe isiyo na nyama: maswali ya wasomaji kuhusu mapishi ya mimea

Barua za mwezi huu zimekuja kutoka sehemu mbalimbali, lakini karibu zote zinazunguka jambo moja, nalo ni chakula kisicho na nyama, samaki, maziwa wala mayai, na namna ya kukiandaa kwa ajili ya kundi kubwa la watu. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu inagusa heshima ya jiko letu.

Shikamoo Shangazi. Mimi na wenzangu wa kikundi cha kina mama hapa Tanga tumekusudia kufanya tamasha la siku moja la vyakula vya mimea peke yake, tarehe 1 Novemba, ambayo tumesikia ni siku ya watu wasiokula chochote kitokanacho na mnyama. Wazee wa mtaa wanatukatisha tamaa. Wanasema karamu isiyo na nyama ni matanga, na kwamba hakuna atakayetoa fedha yake kununua mbaazi alizoziacha nyumbani. Je, tunaiga mambo ya Wazungu? Na kama hatuigi, tupike nini? (Msomaji, Tanga)

Marahaba, mwanangu. Tarehe mliyoichagua kweli ina asili yake Uingereza. Mnamo Novemba 1944 Donald Watson na wenzake wachache waliunda chama cha watu walioacha vyakula vyote vya wanyama, wakabuni na jina la kujiita, ambalo sisi leo tunalitamka vigani. Na mwaka 1994, chama hicho kilipotimiza miaka 50, ndipo tarehe 1 Novemba ilipoanza kuadhimishwa. Hiyo ni historia ya jina na ya tarehe. Chakula chenyewe hakikusubiri jina hilo. Mtu wa Mombasa anayefungua siku kwa mbaazi za nazi na mahamri hajamwiga mtu yeyote, wala Mpare anayepika makande, wala Mkikuyu anayeponda irio, wala mama wa Unguja anayechemsha shelisheli kwa tui. Tazama pia meza ya futari katika mwezi wa Ramadhani: muhogo wa nazi, magimbi, viazi vitamu, kunde, maboga, tambi za sukari na iliki. Ukiwaondoa samaki na nyama kwenye meza hiyo, bado inabaki imejaa.

Hata hivyo, usiwapuuze wazee wenu, kwa maana wanachokisema kina mizizi. Kwetu nyama ni heshima ya mgeni. Anayechinja amesema kwa kisu kwamba aliyekuja ana thamani, na ndiyo sababu pilau ya arusi bila nyama huonekana kama upungufu wa mapenzi. Msibishane nao juu ya hilo. Waambieni kwamba hamfuti arusi wala hitima ya mtu, bali mmetenga siku moja ya kuyapa hadhi mapishi ambayo kila siku hupewa nafasi ya kitoweo cha pembeni.

Kama wanataka mfano wa jamii ya Kiafrika iliyokifikisha chakula cha mimea kwenye kiwango cha usanii, wapelekeni Ethiopia. Waumini wa Kanisa la Othodoksi la huko hufunga kila Jumatano na Ijumaa kwa sehemu kubwa ya mwaka, na kabla ya Pasaka hufunga siku 55, na katika siku zote hizo hawagusi nyama, maziwa, siagi wala mayai. Kwa kuwa siku za kufunga ni nyingi kiasi hicho, wapishi wao hawakuridhika na kuchemsha tu: walibuni shiro, yaani mchuzi mzito wa unga wa dengu uliosagwa pamoja na viungo, mchuzi mzito wa adesi zenye pilipili nyekundu, kabichi na karoti za manjano, majani yaliyokaangwa kwa vitunguu, na vyote hivyo hupangwa kwa rangi juu ya injera moja, yaani mkate mpana na mwembamba wa unga wa tefu, nafaka ya huko, uliochachushwa kwa siku kadhaa. Sahani hiyo ya mchanganyiko huitwa beyaynetu. Watu huizunguka na kuila kwa mkono, na hakuna anayeuliza nyama iko wapi. Nimekula sahani hiyo mara nyingi, na kila mara najiuliza kwa nini sisi wa pwani, wenye nazi, hatujaziweka mboga zetu kumi kwenye sinia moja namna hiyo. Ninyi mnaweza kuanza.

Sasa, mpike nini? Ushauri wangu ni mmoja na nausisitiza: msitengeneze nyama ya bandia. Mgeni akiletewa soya iliyofinyangwa kama mshikaki, ulimi wake utailinganisha na mshikaki wa kweli, na mpishi atashindwa kabla ya tonge la pili. Lakini mbaazi iliyoiva vizuri hailinganishwi na kitu kingine. Kila mama apike kile ambacho nyumba yake inasifika kwacho, hata kama kitakuwa kimoja tu, na kila sufuria iandikwe jina la chakula pamoja na vilivyomo, hasa karanga na ufuta, kwa sababu wapo watu ambao miili yao huvikataa kwa hatari.

Kwa mbaazi, kilo moja ya mbaazi kavu hutosha watu wapatao kumi na wawili. Zilowekeni usiku kucha, mzichemshe kwa maji mapya mpaka zibonyee kwa vidole, kisha mtie tui jepesi pamoja na vitunguu, pilipili mbichi na bizari ya manjano kidogo. Nazi tatu au nne zinatosha. Kuneni kwa mbuzi, mkamue tui zito kwanza na mliweke kando, halafu chicha ileile itiwe maji ya uvuguvugu na kukamuliwa tena kupata tui jepesi. Tui zito hutiwa mwishoni, moto ukiwa mdogo, na mwiko usiondoke mkononi mpaka litokote, kwa maana mpishi akiliacha kidogo tu, tui hukatika na mafuta hujitenga. Kwenye tamasha lenye watu wengi na maongezi mengi, hapo ndipo sufuria nyingi huharibikia. Mtu mmoja apewe kazi ya tui na asiitwe popote.

Kagueni pia vinavyojificha. Jiko la pwani lina mkono mwepesi wa kutupia uduvi au papa mkavu kwenye mboga za majani, samli kwenye wali, maziwa ya mtindi kwenye kaimati, yai kwenye mkate wa kumimina, na kidonge cha supu chenye mafuta ya kuku kwenye kila kitu. Vitumbua vya mchele, tui na hamira havina tatizo, wala mkate wa mofa wa mtama.

Nina neno moja zaidi kuhusu mbaazi. Mwezi Agosti 2017 India, ambayo ndiyo mnunuzi mkubwa wa mbaazi za Afrika Mashariki, iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia kutoka nje, na bei ikawaangukia wakulima wetu, wakiwamo wa Lindi na Mtwara, wakabaki na magunia ndani. Kila sahani ya mbaazi itakayonunuliwa hapohapo Tanga ni soko ambalo halitegemei uamuzi wa serikali ya ng'ambo. Waambieni wazee hilo pia.

As-salaam aleikum Shangazi. Naishi London na nimeombwa kupika chakula cha kwetu kwenye tamasha la vigani. Nina mashaka mawili. Pilau bila supu ya nyama hutoka nyeupe na baridi mdomoni, na tui la kopo la huku silielewi, kwa sababu mara ni gumu kama siagi, mara ni maji. Je, nitumie tui la unga? (Msomaji, London)

Wa aleikum salaam. Rangi ya pilau haitoki kwenye nyama, inatoka kwenye kitunguu. Kata vitunguu vingi kuliko ulivyozoea, uvikaange kwa mafuta ya mimea mpaka viwe na rangi ya kahawia iliyokolea, karibu na kuungua lakini visiungue, ndipo utie kitunguu saumu na tangawizi, halafu bizari nyembamba ambayo Kenya huitwa jira, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Ukitia maji ya moto juu ya vitunguu vya namna hiyo yatageuka rangi mbele ya macho yako. Viazi vikaangwe humo kabla ya mchele ili vinywe viungo. Ubaridi unaousema hutokana na vitunguu vilivyotolewa mapema.

Tui la kopo hujitenga lenyewe likikaa kwenye baridi, nawe unaweza kulifanya jambo hilo likufae: usilitikise, chota sehemu nzito ya juu uitumie kama tui la kwanza, na maji yaliyobaki chini yawe tui jepesi la kuchemshia. Kuhusu tui la unga uwe mwangalifu sana, kwa kuwa aina nyingi huongezwa kaseini, ambayo ni protini ya maziwa ya ng'ombe, na mgeni wa tamasha kama hilo atakuwa na haki ya kulalamika. Soma maandishi yote ya pakiti.

Nikiruhusiwa kukuchagulia chakula kimoja cha kuuza kwa wingi, ningechagua bajia za kunde. Kunde hulowekwa, hutolewa maganda, husagwa na kitunguu na pilipili, kisha hukaangwa zikiwa moto mbele ya mnunuzi, na huliwa kwa mkono pamoja na chatne ya nazi au ya ukwaju. Andika jina lake kwa Kiswahili kwenye ubao, bila kulifanya liwe kitu kingine.

Mhariri, binti yangu anayesoma chuo ameacha nyama, maziwa na mayai tangu mwaka jana. Mama yake analia kila akirudi likizo. Je, mtoto wetu ataumia? (Baba, Morogoro)

Kaka yangu, mpe pole mama wa mtoto. Mtu mzima anaweza kuishi vyema kwa chakula cha mimea pekee, kwa sharti kwamba chakula hicho ni cha aina nyingi na kwamba jambo moja halisahauliki, nalo ni vitamini B12. Vitamini hiyo hutengenezwa na bakteria, huingia kwetu kupitia vyakula vya wanyama, na hakuna mboga, jamii ya kunde wala mwani unaoweza kutegemewa kuileta. Mtu mzima anahitaji takriban maikrogramu 2.4 kwa siku, ambazo binti yako atazipata kwa vidonge au kwa vyakula vilivyoongezewa virutubisho. Hatari yake ni kwamba ini huwa na akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo anayeikosa hujiona mzima kwa muda mrefu, halafu huja upungufu wa damu na ganzi ya mikono na miguu, na madhara ya mishipa ya fahamu yakichelewa kutibiwa huenda yasiondoke. Jambo hili halijadiliwi kwa imani. Aende kituo cha afya, aeleze anavyokula, apimwe.

Madini ya chuma yamo kwenye maharage, dengu na majani, ila mwili huyafyonza kwa shida, na ndimu, chungwa au embe pamoja na mlo husaidia sana, ilhali chai inayonywewa palepale huzuia. Asitegemee mchicha kwa ajili ya kalisi, kwani sehemu kubwa ya kalisi yake hufungwa na asidi ya majani hayo. Ufuta na maziwa ya soya yaliyoongezewa kalisi yatamfaa zaidi. Atumie chumvi yenye madini joto. Na akija likizo, mama yake ampikie maharage ya nazi.

Shangazi, je, asali inahesabika kuwa chakula cha mimea? (Msomaji, Mombasa)

Kwa vigani, hapana, kwa sababu imetengenezwa na nyuki. Mla mboga wa kawaida hula asali na hunywa maziwa. Hapo ndipo makundi hayo mawili yanapotofautiana. Kwenye meza yenu wekeni chai ya rangi yenye tangawizi na sukari.

Tunataka kisamvu kwenye shughuli yetu ya watu mia mbili, bila dagaa. Tumeambiwa kinaweza kudhuru. Ni kweli? (Kikundi cha vijana, Mtwara)

Ni kweli kikipikwa kwa haraka. Majani ya muhogo yana kemikali ambazo hutoa sumu ya sianidi, na wazee wetu waliigundua dawa yake kabla ya maabara: kutwanga na kuchemsha. Kutwanga huvunja majani na kuiachia sumu hiyo, na kuchemsha kwa muda mrefu huifukuza na mvuke. Kwa hiyo chagueni majani machanga, yatwangwe kabisa kwenye kinu na yasikatwe kwa kisu tu, kisha yachemshwe kwa maji mengi, sufuria ikiwa wazi, kwa saa moja au zaidi, mpaka harufu kali ya ubichi iishe. Kwa watu mia mbili hamtaweza kuanza asubuhi ya shughuli. Twangeni na kuchemsha siku iliyotangulia, mchuje maji, mkiache mahali pa baridi, na siku yenyewe mkiunge kwa karanga zilizosagwa laini na tui zito. Dagaa hawatakumbukwa iwapo karanga zitakaangwa kidogo kabla ya kusagwa. Chumvi itiwe mwisho, baada ya kuonja, kwa maana kisamvu hunywea sana kikiwa motoni.