Mmea wa shanga: angalia juu ya chungu kabla hujamwaga maji

Jamani huu mmea unaoning'inia kama nyuzi za shanga za kijani, kitaalam unaitwa Curio rowleyanus, mimi niliua miwili kabla sijauelewa. Yote iliondoka na maji. Wa kwanza ulianza kuoza pale juu shina linapoingia kwenye udongo, shanga za chini bado zimejaa vizuri nikajua mzima kabisa, siku navuta uzi mmoja ukaja wote mkononi.

Kila shanga ni jani, na limebeba maji yake ndani, kwa hiyo usimwagilie kwa ratiba, siku ya wiki haina maana hapa. Shika shanga. Ikiwa ngumu acha. Ikianza kulegea na kusinyaa, na ule mstari wake ukawa kama umejifunga (huo mstari ni kama kidirisha, unaingiza mwanga ndani ya jani), na udongo umekauka mpaka chini, hapo mwaga maji mpaka yatoke kwenye matundu halafu usahau. Ila zikisinyaa na udongo bado mbichi, usiongeze maji kabisa, hapo mizizi imeoza, kata nyuzi ambazo bado ni nzima, hazijaoza, uoteshe upya.

Mizizi yake ni mifupi, chungu kirefu kinabaki na unyevu chini bure. Mimi natumia cha udongo, kifupi, nusu udongo nusu changarawe.

Sasa mwanga. Ukiliwa una sumu, kwa hiyo wenye watoto na paka tunaupandisha juu, ni sawa, ila ukiupandisha sana karibu na dari mwanga unagonga nyuzi tu, kule juu ya chungu giza, na ndiko unakoanza kupata upara. Tundika usawa wa dirisha ili mwanga ufike mpaka kwenye udongo, ila lile jua kali la mchana linauunguza.

Na upara ukishaingia dawa ipo: kwao Afrika Kusini mmea huu unatambaa chini kwenye vivuli vya vichaka, ukigusa udongo unatoa mizizi, basi chukua uzi mrefu uuzungushe juu ya udongo pale penye upara, ubane na kawaya kaliopindwa, unyunyizie kidogo, baada ya wiki kadhaa ukiuvuta taratibu unausikia umeshika.