Mkuu acha kuhangaika na urefu, pima pumzi

Umeuliza kama mita 1.67 na kilo 62 zinatosha kutoka timu ya mtaani kwenda kucheza ligi. Mi nilicheza winga mchangani miaka kibao afu nikaenda majaribio timu moja ya daraja la pili, basi nikwambie yaliyonikuta.

Siku ya kwanza mpira hatukuugusa kabisa. Tukapimwa urefu, uzito, afu jamaa akaja na kale kakoleo ka kubana ngozi, anabana nyuma ya mkono, tumboni, pajani, anaandika milimita kujua una mafuta kiasi gani. Nikajua nishapita maana nilikuwa nabeba vyuma, kifua hiki hapa. Nina 1.74 na kilo 77, BMI (kilo zako ugawe kwa urefu mara urefu) ikaja 25.4, karatasi inasema uzito umezidi wakati mafuta yenyewe yalikuwa kidogo tu. Ndo maana hiyo BMI kwa mchezaji siiamini, haijui msuli ni upi na kitambi ni kipi. Yako inakuja kama 22, uko poa.

Kilichonimaliza ni Yo-Yo, kile kipimo cha pumzi cha kukimbia kwa kufuata mlio wa sauti iliyorekodiwa. Unakimbia mita 20 kwenda na 20 kurudi, unapumzika sekunde 10, unarudia, spidi inazidi kupanda, mlio ukikuacha mara mbili umetoka. Mi nikatoka kwenye mita 1,240, dogo mmoja mfupi mwembamba (nilishamdharau wakati wa kupima uzito) akapita 2,000 na bado anaongea! Kwenye mita 30 mara moja nilimwacha vizuri tu, ila tulipoambiwa tuzipige sita mfululizo, ya nne mi nakokota miguu, ye muda wake ni ule ule.

Hapo ndo tofauti ya madaraja ilipo bana. Wachezaji wa kulipwa wanakimbia kilomita 10 hadi 12 kwa mechi na wa chini hawaachwi mbali sana kwa jumla hiyo, wanaachwa kwenye zile mbio kali, zinakuwa ngapi na mtu anazirudia baada ya muda gani.

Urefu una maana kwa kipa na beki wa kati, huko usibishane na kocha. Kwingine Messi ana 1.70 na kiungo Kanté naye ni mfupi, na wote wana Kombe la Dunia.

Mi baada ya kukatwa nilipunguza vyuma nikawa nafanya dakika 4 za kukimbia kwa nguvu mpaka huwezi kuongea, dakika 3 za kujogi, mara nne, siku mbili kwa wiki. Miezi miwili nikafika 1,640, uzito ulishuka kilo 2 tu. Msimu uliofuata wakanichukua, ila wakanipeleka beki ya kulia, hiyo stori nyingine.

We tafuta koni na ile sauti ya Yo-Yo kwenye simu, kapime ukiwa umepumzika afu rudi hapa utaje namba, hizo kilo 62 ziache kwanza.