Maswali ya Wasomaji: Chakula cha Mbwa Mdogo Mwenye Uso Bapa

SWALI: Daktari, salaam. Ninafuga mbwa dume wa aina ya Pug, mwenye umri wa miaka mitano na aliyehasiwa. Nampa chakula kikavu cha pakiti, kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni, wala hapewi kingine isipokuwa vijipande vya jibini na mkate tunapokuwa mezani. Juzi alipopimwa alikuwa na kilo 10.4, na daktari wa mifugo akasema anapaswa kukaribia kilo 8. Mimi namwona yu imara tu, ila siku hizi anakoroma hata akiwa macho. Je, nipunguze chakula kwa kiasi gani, na je, nimkimbize zaidi?

JIBU: Ndugu msomaji, nitaanza na jambo ulilolitaja kwa kupita, kwa sababu ndilo lililonishtua. Wenye mbwa hawa wamezoea kuchekea mkoromo wao kana kwamba ni sehemu ya haiba yao, lakini mbwa anayekoroma akiwa macho anatoa sauti ya hewa inayojipenyeza mahali palipobana. Fuvu lake limefupishwa kwa vizazi vingi vya kuchagua wazazi wenye nyuso fupi, ilhali nyama laini za ndani hazikufupika kwa kiasi kile kile: kaakaa laini limebaki refu kuliko nafasi iliyopo, na tundu za pua mara nyingi ni finyu. Mafuta yanapoongezeka shingoni na kifuani, njia iliyokwisha kuwa nyembamba huzidi kubanwa, na mapafu hukosa nafasi ya kutanuka. Kwa kuwa mbwa hupunguza joto la mwili kwa kutweta, mnene mwenye uso bapa hulemewa na joto mapema kuliko wenzake. Kwa hiyo zile kilo mbili na ushei za mbwa wako ni suala la pumzi kabla ya kuwa suala la umbo, na mkoromo huo umweleze daktari wako hata kama uzito utapungua.

Kumkimbiza, basi, usimkimbize. Matembezi mafupi wakati wa ubaridi wa asubuhi au jioni yanamtosha. Kazi ya kupunguza uzito itafanyika kwenye sahani.

Madaktari wa mifugo huanza na makadirio ya nishati ambayo mwili hutumia ukiwa umepumzika: uzito kwa kilo hupandishwa kwa kipeo cha 0.75, kisha jibu huzidishwa kwa 70. Katika kupunguza uzito tunatumia uzito anaopaswa kuwa nao, si ule alio nao leo, na kwa kilo 8 hesabu hiyo huleta takribani kilokalori 330 kwa siku. Geuza pakiti yako utafute idadi ya kilokalori kwa kilo moja ya chakula. Tukichukulia kwamba gramu 100 zina kilokalori 360, kiwango chake cha siku nzima ni gramu 92 hivi, yaani gramu 46 kwa kila mlo, na hapo hatujahesabu jibini wala mkate.

Sasa fanya jaribio dogo. Jaza kile kikombe chako mara tatu kama unavyokijaza siku zote, na kila mara mimina chakula kwenye mzani wa jikoni. Huenda ukashangaa kuona vipimo vitatu tofauti, maana mkono wa mwenye haraka hujaza kwa kilima na wa mwenye utulivu husawazisha. Tofauti ya gramu 15 tu, kwa chakula cha mfano wetu, ni kilokalori 54, ambazo ni karibu sehemu moja ya sita ya riziki yake ya siku. Kwa mbwa mkubwa kosa hilo halionekani, bali kwa huyu hurundikana mwezi hadi mwezi. Weka kikombe kabatini, upime kwa gramu.

Vitafunio visizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, nazo kwake ni kilokalori 33, ambazo lazima zitolewe ndani ya zile 330. Gramu 10 za jibini gumu, kipande kisichofikia ukubwa wa kidole gumba, zina kilokalori 40 hivi. Umeona basi jibini limekuwa likifanya nini pale mezani. Njia ninayoipenda ni kutenga punje kadhaa za chakula chake mwenyewe asubuhi, ziwe ndizo zawadi za siku nzima. Mbwa hufurahia kupewa kwa mkono kuliko tunavyodhani.

Tahadhari moja: ukipunguza sana chakula cha kawaida, utapunguza pia protini, vitamini na madini. Mwombe daktari wako akuchagulie chakula cha kupunguza uzito, ambacho huwa na protini na nyuzinyuzi zaidi kwa kila kilokalori, na umbadilishie polepole kwa muda wa wiki moja ili tumbo lisichafuke. Uzito ushuke kwa asilimia 1 hadi 2 kwa wiki, yaani gramu 100 hadi 200 kwa mwanzo. Kwa mwendo huo safari ni ya miezi mitatu hadi sita.

Kati ya mizani na mizani, tumia vidole. Nyoosha kiganja, kisha pitisha kidole juu ya vifundo nyuma ya mkono wako: mbavu za mbwa mwenye uzito mzuri hugusika vivyo hivyo. Zikigusika kama mifupa iliyo upande wa ndani wa kiganja, bado ana mafuta ya kupunguza.

SWALI: Shih Tzu wangu hula kwa pupa, chakula kinamwagika pembeni, na mara nyingine dakika chache baadaye hukirudisha kikiwa hakijasagika. Je, chakula hakimfai?

JIBU: Huenda tatizo ni bakuli kabla ya chakula. Mbwa mwenye taya fupi hawezi kufikia chini ya bakuli refu bila kukandamiza pua yake, na kwa kuwa hawezi kumeza na kuvuta pumzi kwa wakati mmoja, hula kwa kukimbizana na pumzi huku akimeza hewa nyingi. Mpe sahani pana isiyo na kina, gawa chakula chake katika milo mitatu midogo, lowesha punje kwa maji ya vuguvugu, na umwache apumzike baada ya kula. Futa mikunjo ya uso kwa kitambaa chenye unyevu kisha uikaushe, kwani mabaki ya chakula huozea humo na kuwasha ngozi.

Unachokieleza ni kucheua, si kutapika: chakula hurudi bila tumbo kujikamua. Kikiendelea zaidi ya siku chache, au ukisikia kikohozi, mpeleke akapimwe, kwa sababu mbwa wa uso bapa hupatwa na ngiri ya kiwambo, yaani sehemu ya tumbo kupenya na kuingia kifuani, na chakula kinachorudi kinaweza kuingia mapafuni.

SWALI: Je, naweza kumpikia mbwa wangu nyama ya kuku na wali tu badala ya pakiti?

JIBU: Kwa siku mbili tatu za tumbo bovu, ndiyo, kwa maisha, hapana. Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na mwili ukikosa kalsiamu huichota kwenye mifupa. Anayetaka kupika kila siku aandikiwe mapishi na daktari mwenye ujuzi wa lishe, na asijaribu kuziba pengo kwa mifupa iliyopikwa, kwani huvunjika vipande vyenye ncha kali. Zabibu, vitunguu vya aina zote na chokoleti visiingie sahanini kabisa. Ongeza hapo zailitoli, kiongeza utamu kinachoshusha sukari ya damu ya mbwa kwa ghafla. Hupatikana kwenye baadhi ya siagi za karanga, kwa hiyo soma orodha ya viambato kabla hujamfichia mbwa wako kidonge ndani yake.