Saa ya babu: namba za mgongoni zinasema nini?

Swali: Shikamoo fundi. Nimeachiwa saa ya mkono ya marehemu babu yangu, aliyefanya kazi reli hapa Kigoma. Usoni imeandikwa Seiko, na chini yake kuna ngao ndogo yenye namba 5. Mgongoni kuna 6119-8083, halafu 2N na tarakimu nne. Siku huonyesha kwa Kiarabu, mara nyingine kwa Kiingereza. Nyumbani tumekua tukiambiwa mzungu wa reli ndiye aliyempa, alipokuwa anaondoka wakati wa Uhuru, 1961. Nikiivaa inatembea, nikiivua usiku asubuhi naikuta imelala. Nikitia ufunguo haikazi, kifungo kinazunguka bure, na fundi mmoja kaniambia springi imekatika. Kuna mtu anaitaka, anasema ni dhahabu kwa sababu mkanda ni wa manjano. Ni saa gani hii, na ni ya lini?
Mjukuu wa Alhaji, Ujiji

Jibu: Marahaba mwanangu, Mungu amrehemu mzee.

Nianze na springi, maana hapo ndipo utakapoliwa hela. Springi yako nzima. Saa iliyokatika springi kwa kawaida haitembei hata ukiivaa mwezi mzima, na yako umesema inatembea. Kifungo kinazunguka bure kwa sababu mashine ya 6119 haitiwi ufunguo kwa mkono kabisa, ndivyo ilivyotengenezwa. Ndani yake kuna kipande cha chuma, umbo la nusu duara, kinachozunguka kila ukipunga mkono, na hicho ndicho kinachokaza springi. Ndiyo maana kifungo chenyewe ni kidogo, kimezama ubavuni, tena hakipo usawa wa namba 3 kama saa nyingine, kipo namba 4 (kwa sisi, palipo saa kumi). Simlaumu sana huyo fundi. Nilipoanza kazi nilimfungulia mzee mmoja saa ya aina hii, nikahangaika nayo siku nzima nikitafuta springi iliyokatika. Nilipoikuta nzima nilimrudishia saa yake nikiwa nimeinamisha kichwa.

Ishike, ulaze uso wake juu, uizungushe taratibu kama unayepeta mchele kwenye ungo, mara thelathini hivi. Hapo itaamka tu, haijajaa. Ivae kutwa nzima, kisha uivue, uiache mezani uhesabu. Ikijaa vizuri inapaswa kutembea saa 40 bila kuvaliwa. Ikilala mapema mno kabla ya hapo, huenda mafuta ndani yamekauka yakawa gundi. Inataka kufunguliwa, kuoshwa na kutiwa mafuta ya saa. Nasema mafuta ya saa: akichomoa chupa ya mafuta ya cherehani, chukua saa yako uondoke.

Sasa umri. Tarakimu nne za mwanzo, 6119, ni jina la mashine. Zile 8083 ni za kasha. Kwenye ile namba nyingine, tarakimu ya kwanza ni mwaka na alama ya pili ni mwezi: 1 hadi 9 ni Januari mpaka Septemba, Oktoba ni O, Novemba ni N, Desemba ni D. Yako ni 2N, yaani Novemba ya mwaka unaoishia na 2. Upi? Namba yenyewe haisemi muongo, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Mashine ndiyo inayoamua: 6119 zilitoka mwishoni mwa miaka ya 60 hadi katikati ya miaka ya 70. Kwa hiyo 1962 haiwezi, 1982 haiwezi. Saa ya babu yako ilitengenezwa Novemba 1972, Japani.

Najua hapo nimegusa hadithi ya nyumbani. Lakini hata bila namba za mgongoni, ile ngao ya 5 ingetosha: Seiko 5 zilianza kuuzwa 1963. Mzungu aliyeondoka 1961 asingeweza kuwa nayo mfukoni. Pengine alimpa mzee saa nyingine kweli. Saa za kazi za reli za Waingereza aghalabu zilikuwa za mfukoni, zimechorwa herufi za shirika mgongoni, kwa hiyo pekua vizuri lile sanduku. Saa mbili zikikaa kwa mzee mmoja, hadithi zake huchanganyika upesi.

Mimi kilichonivuta ni Kiarabu. Seiko walikuwa wakifunga gurudumu la siku kufuatana na soko: kuna za Kihispania, kuna za Kijapani, na hizo za Kiarabu zilikusudiwa kuuzwa nchi za Waarabu. Na wewe umejiita mjukuu wa Alhaji. Waulize wakubwa mzee alikwenda Hija mwaka gani. Ikiwa ni 1973 au baadaye kidogo, mimi ningetafuta asili ya saa hiyo Jeddah kabla ya kuitafuta stesheni. Siapi, maana bidhaa za Uarabuni zimefika Ujiji kwa njia nyingi, lakini hapo pana harufu.

Dhahabu hakuna. Soma mgongoni, utakuta maneno Stainless Steel, chuma kisichoshika kutu. Kasha la dhahabu hupigwa muhuri kama 750, 585 au 375. Mkanda wa manjano umebadilishwa njiani, na mkanda si saa. Huyo anayeitaka anajua anachotaka, usimuuzie.

Bado sijaona uso wake. Piga picha kwa karibu na simu, uso ukiwa kwenye mwanga wa dirisha. Herufi za Seiko na ile ngao kwa kawaida ni vipande vya chuma vilivyopachikwa. Zikiwa ni rangi tu, tena zimepinda, basi uso ulipakwa upya. Pembezoni kabisa chini kuna maandishi madogo mno. Yakianza na 6119 uso ni wake. Na usiogee nayo ziwani. Raba ya mfuniko ina miaka zaidi ya hamsini.

Fundi atakapofungua mfuniko (kwa kifaa chake, si kwa kisu), mwombe akuonyeshe upande wa ndani. Mafundi wengi tukimaliza kazi hukwaruza alama pale kwa ncha ya sindano. Yangu ni nukta tatu na mwaka. Ukizikuta, basi babu yako aliwahi kuketi kwenye benchi langu pale Mwanga.